Tunabeba Muzima

Watu wengi wakitaka kujua mtu ametoka wapi humtazama viatu. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo hutazama mabega. Siku ya kwanza Mukandori alipoingia dukani kwangu hapa Kamembe kupimwa gauni, nilirudia kumpima mara tatu nikidhani futi kamba imenidanganya. Bega la kulia lilikuwa limeshuka vidole viwili kuliko la kushoto. Nikamwambia asijali, nitamwekea sponji upande ule ili gauni likae sawa. Alinitazama kana kwamba nimemtukania mama. Akasema nishone gauni lifuate bega, yeye hakuja kwangu kushonewa bega jipya.

Nikampenda papo hapo, ingawa sikumwambia. Mimi si mwepesi wa kusifu watu, muulizeni mume wangu Mudathiru.

Mukandori alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, upande wa Kongo, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekimbilia huko. Tangu akiwa na miaka kumi na mitano alibeba mizigo pale bandarini: gunia mgongoni, mkanda juu ya paji la uso, mkono wa kulia umerudi nyuma kulizuia lisiyumbe. Mkono huo ndio ulioshusha bega. Viazi, makaa, saruji, vyote vilipita mgongoni kwake kwa miaka kumi na miwili, na akifungua kitambaa utauona mfuo wa ule mkanda hadi leo. Baadaye alirudi Rwanda na mumewe na mtoto mchanga wa kike, Umurerwa, wakapata shamba huko Nkungu, kwenye mlima ambao hata mbuzi huupanda kwa kufikiri. Umurerwa alipofika miaka kumi na mmoja, baba yake akafa kwa ugonjwa.

Sasa nieleze ingobyi, maana bila hiyo hamtaielewa hasira yangu. Ingobyi ni machela ya kusuka, kama kitanda kirefu chenye kingo, imefungwa juu ya miti miwili. Kutoka mlimani kwao hadi barabara ya lami ni mwendo wa dakika arobaini na tano, na mvua ikinyesha pikipiki haipandi wala haishuki. Ambulansi inaishia lami. Kwa hiyo nyumba za mlima zimejiunga, na umoja huo nao tunauita ingobyi. Mgonjwa akizidiwa, wanaume wanne wanaingia chini ya miti, wanaita njia nzima, na kila anayesikia wito ni lazima atoke awapokee. Desturi hiyo ni nzuri na sitaisema vibaya. Ubaya ulikuwa kwenye daftari. Nyumba iliandikwa kwa mwanamume wake anayebeba. Isiyo na mwanamume haikuandikwa, na mjane akiwa na mgonjwa ilimbidi aende kuomba, na pombe ya ndizi mkononi, kisha asubiri wenye mabega wapate nafasi.

Mkuu wa ingobyi hiyo alikuwa Mzee Karangwa, seremala wa zamani, naye mtu aliyekulia Kongo, wa misa kila Jumapili. Si mtu mbaya. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, maana mtu mbaya unamchukia mara moja ukalala usingizi wako. Mumewe alipofariki, Mukandori alimwendea na pombe ya ndizi aombe nyumba yake ibaki daftarini.

"Maman, ingobyi haiandikake nyumba yenye haiko na bega," Karangwa alimjibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayeeleza saa ya misa.

Alimwambia hivyo mwanamke aliyebeba nusu ya saruji ya Bukavu. Mukandori aliniambia kwamba siku ile hakubishana. Alikuwa mgeni mlimani, mjane, mwenye mtoto mmoja wa kike, na alidhani ndivyo dunia ilivyo. Akarudi nyumbani na pombe yake.

Miaka ikapita, Umurerwa akakua, akaolewa na Manzi, kijana mpole anayejenga maghorofa ya watu huko Kigali na kurudi sikukuu hadi sikukuu. Mimba ya kwanza ilipofika mwezi wa nane binti alirudi kukaa kwa mama yake. Mpango ulikuwa ateremke mapema, akangojee karibu na kituo cha afya. Lakini uchungu ulimjia wiki tatu kabla ya siku, asubuhi, katika mvua ya mwezi wa nne. Mukandori alisimama uani akaita ingobyi. Akaita mpaka sauti ikakauka. Wengine waliosikia wakadhani wengine watakwenda, na waliokwenda walikwenda kwanza kuuliza kama nyumba hiyo imeandikwa. Zilipita saa tatu nzima ndipo ingobyi ikafika. Umurerwa alipona. Mtoto hakupona.

Sikuwepo siku ile. Nasema hivyo kwa aibu, kana kwamba ningekuwepo ningefanya lolote zaidi ya kutukana.

Mimi nilianza kupanda Nkungu mwaka uliofuata. Mukandori alinibembeleza nikawafundishe wanawake wa mlimani kushona sare za shule, nikakubali kila Alhamisi. Tulikaa barazani kwake, wanawake wanane, sindano mkononi, na mahali penye sindano nane pana maneno themanini. Tuliongea kila kitu: waume, mbegu, mashamba ambayo kaka walichukua na dada wakanyamaza. Umurerwa alikaa nasi akashona na hakuongea. Alikuwa tena mjamzito, na kila tumbo lilipokua mama yake alizidi kukonda. Sote tulijua anaogopa nini. Mimba inakwenda mbele, na daftari la Karangwa lilikuwa palepale.

Alhamisi moja jirani yao Tumukunde, mwanamke kijana mwenye mdomo kuliko sisi wote, alisema ati yaliyopita si ndwele. Umurerwa akaweka chini kitambaa.

"Alikuwa anacheza mu tumbo asubui yote," akasema. "Tulipofika pale ku jiwe, akanyamaza. Njo mimi nikajua. Benye kubeba habakujua bado, mimi nilikuwa najua."

Hakuna aliyekuwa amewahi kumsikia akisema hayo, hata mama yake. Miaka miwili alikuwa ameyabeba peke yake, pasipo wa kumpokea. Alilia, tukalia, na sijui tulikaa vile kwa muda gani, lakini sare za siku ile zilitoka zimepinda zote. Wengine nao wakaanza kutoa yao. Mmoja alimpeleka baba yake kwenye mkokoteni. Mwingine alimbeba mama mkwe mgongoni, akafika amechelewa. Kumbe katika wanawake wanane, watano walikuwa na kaburi kwa sababu ya ingobyi isiyokuja, na kila mmoja alidhani ni bahati yake mbaya.

Mukandori alifuta uso kwa pindo la kitenge. Akasema kilichotupata si bahati, ni dhuluma, tena iliyoandikwa kwa kalamu. Kisha akauliza swali ambalo mimi hadi leo likinijia nikiwa kwenye cherehani naacha kukanyaga.

"Tukikufa, babinti betu batarithi nini kwetu? Kuomba?"

Ndipo ingobyi ya wanawake ilipozaliwa. Tumukunde alisuka, maana baba yake alikuwa msusi. Miti ilitoka shambani kwa mmoja wetu. Mukandori hakutaka tubebe kama wanaume, mti umekaa juu ya bega tupu. Alisema bega huchoka, mgongo ndio hauchoki. Akanichorea kwenye mchanga mkanda mpana unaofungwa kwenye mti, unapita begani na mgongoni na kurudi kwenye mti, ili mzigo ubebwe na mwili mzima. Nilishona mikanda minne, turubai ndani na kitenge nje, mishono mitatu mitatu. Nilijiumiza kidole na nikalaani, lakini niliishona vizuri kuliko suti yoyote niliyowahi kushona.

Tukafanya mazoezi. Mukandori alitupanga, akatufundisha kuhesabu hatua na kubadilishana bila kusimama, na tulimbeba Tumukunde juu na chini shambani huku akitukosoa kama malkia. Wanaume walipita wakacheka. Mmoja anaitwa Ndizeye, ambaye bega lake lenyewe linajua zaidi kona ya baa, aliuliza kama tunauza viazi. Karangwa hakucheka. Aliposikia kwenye mkutano wa mlima, alisema tu kwamba kubeba mgonjwa si mchezo, na kwamba tutaona.

Tukaona, na tuliona vibaya. Wa kwanza kuita alikuwa Bibi Mukabalisa, mjane wa miaka themanini na zaidi, ameshikwa na homa na maumivu ya nyonga. Tukamlaza, tukamfunika shuka jeupe hadi kidevuni kwa sababu ya upepo, tukaondoka. Miguu ilikwenda vizuri na mikanda ilishika. Kosa letu lilikuwa moja tu: tulinyamaza. Wanaume huita njia nzima, sisi tuliona haya. Tangu lini mwanamke akapita mlimani anapiga kelele? Tukateremka kimya, vichwa chini, tukihesabu hatua moyoni.

Na mlimani, ingobyi inayoita imebeba mgonjwa. Ingobyi iliyonyamaza imebeba maiti.

Watu waliokuwa shambani walisimamisha majembe. Wazee walivua kofia. Tulipofika penye kisoko cha njia panda, akina mama waliacha mizani wakainuka, na katekista Dominique, ambaye hakosi msiba, akajitokeza mbele yetu akafanya ishara ya msalaba na kuanza sala ya marehemu kwa sauti kubwa. Alipofika kwenye pumziko la milele, Bibi Mukabalisa akainua kichwa.

"Dominique," akasema, "ngoja kwanza nikunywe dawa."

Mama mmoja alianguka na kapu lake la nyanya. Watu walicheka hadi wakakaa chini, na kufikia jioni kicheko kilikuwa kimefika mlima wa pili. Bibi alipata dawa yake na akapona, lakini nani alikumbuka hilo? Kila tulipopita watu walivua kofia. Tumukunde akasema yeye amemaliza, harudi chini ya mti ule. Wawili wengine wakaanza kuwa na kazi kila Alhamisi. Mimi nilikasirika, nikasema maneno ambayo si ya mtu aliyetoka kuswali, na hayakusaidia kitu. Umurerwa alikuwa na miezi saba na nusu.

Aliyetuokoa ni Bibi Mukabalisa mwenyewe. Alikuja Alhamisi na fimbo yake, akaketi, akatuambia kwamba sisi tumetengeneza kila kitu isipokuwa koo. Yeye amelala miaka mingi akisikiliza ingobyi zikipita, anajua wito wote, lakini wa wanaume hautufai, unasifu misuli. Akatutungia wetu. Na kwa kuwa alikuwa bado ana kisa na Dominique, akaanzia hapohapo:

"Tunabeba muzima! Toka, jirani, utupokee! Tunabeba muzima!"

Akatulazimisha kuita mmoja mmoja, tumesimama uani, tumegeukia bonde. Mara ya kwanza sauti yangu ilitoka kama ya kifaranga, mimi ambaye Kamembe nzima hunijua kwa kelele. Umurerwa ndiye aliyeita kwa nguvu kuliko wote. Aliita mpaka mbwa wa ng'ambo wakajibu, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue. Tumukunde alikuwa amejificha nyuma ya mgomba wake akisikiliza. Alhamisi iliyofuata alirudi bila kuitwa, pamoja na wale wawili, na hatukuwauliza.

Uchungu ukawahi tena. Wiki tatu kabla ya siku, kana kwamba familia ile ina kalenda yake. Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi, na mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imegeuza njia kuwa utelezi mtupu. Nilikuwepo, nimepanda jana yake kwa kuogopa mvua hiyohiyo. Mukandori alipomwona binti yake ameshika nguzo ya baraza, uso wake ulikauka kabisa. Akajifunga kitenge mara mbili kiunoni na kusema tuchukue mikanda.

Tulikuwa wanne chini ya miti na watatu wa kupokea. Mukandori mbele kulia, na lile bega lake. Tukaita. Sijui niseme nini juu ya kuita katika mvua ile. Tulimwita kila mtu wa mlima ule, walio hai na wasiotaka kusikia. "Tunabeba muzima!" Na Umurerwa, ndani ya ingobyi, katikati ya uchungu na uchungu, alikuwa akiita pamoja nasi.

Milango ikafunguka. Kwanza wanawake, mmoja na khanga kichwani, mmoja na unga bado mikononi. Halafu wanaume. Desturi inasema asikiaye atoke, na haikuwahi kusema wito utoke koo la nani. Ndizeye alitoka bila viatu na, nakiri kwa shingo upande, alibeba vizuri. Tumukunde aliteleza akapiga magoti kwenye matope, na kwa mti wa begani mgonjwa angekuwa ameshaanguka, lakini mkanda ulishika na Umurerwa hakuyumba hata shibiri moja. Nilitamani kulia kwa ajili ya mishono yangu.

Tukafika penye jiwe. Ni mahali njia inapobana na kuteremka ghafla, na nyumba ya Karangwa iko juu yake. Umurerwa akanyamaza. Sisi wote tukajua kwa nini, na wito ukakatika. Mukandori, bila kugeuka, akauliza kama mtoto anacheza. Umurerwa akaweka kiganja juu ya tumbo. Mvua tu.

"Anacheza," Umurerwa akasema. "Maman, anacheza."

Tukaita hapo kuliko tulivyoita mahali popote. Mlango wa Karangwa ukafunguka. Mzee alitoka amevaa fulana, miaka sabini na mbili, akateremka kwenye matope moja kwa moja hadi mbele ya Mukandori. Mahali pale njia huhitaji mtu wa tatu mbele, upande wa bonde. Alijua, maana alishabeba hapo mara mia. Akasimama, mvua inamwagika usoni.

"Ile siku ingine nilikuwa mu nyumba," akasema. "Nilikusikia unaita, Maman Umurerwa. Nilisikia, na sikutoka."

Miaka miwili alikuwa na neno hilo. Nilitaka Mukandori amtemee mate. Mimi ningemtemea.

"Ingia ku muti, Mzee," Mukandori akasema. "Ile tutaiongea tukifika."

Akaingia. Alibeba mteremko wote ule wa jiwe, na chini kabisa mguu wake ukateleza, akaangukia bega la kulia, na nilisikia mfupa ukivunjika. Hakuachia mpaka mwingine alipompokea. Ambulansi ilikuwa lami na milango wazi. Saa saba mchana Umurerwa alijifungua mtoto wa kike, kilo mbili na nusu, mwenye sauti iliyowafanya wauguzi wageuke. Wakamwita Ingabire. Nilipomshika nililia hadharani bila aibu yoyote, nikamwambia kuwa amekuja na mlima mzima nyuma yake.

Na ile habari wakaiongea, Mukandori na Karangwa, kwenye benchi la kituo cha afya, mzee akiwa amefungwa mkono. Sikusikia maneno yao. Niliona tu kwamba Mukandori alisema kwa muda mrefu, na Karangwa hakumkatisha, na mwisho walikuwa wakilia wote wawili, kila mmoja akitazama upande wake.

Wiki tano baadaye ulifanyika mkutano wa mlima. Karangwa alisimama na daftari lake mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia haukuwa unainuka tena. Alisema wanawe wako Kigali, mkewe Mukeshimana amepooza, na daktari amemwambia hatabeba tena maisha yake yote. Kwa sheria aliyoisimamia yeye mwenyewe miaka ishirini, nyumba yake leo inatoka daftarini. Akaomba, mbele ya watu wote, kama ingobyi ya akina mama inaweza kuipokea nyumba isiyo na bega.

Watu walimgeukia Mukandori. Nami nilimtazama, na nikakumbuka pombe ya ndizi aliyorudi nayo nyumbani siku ile.

"Siye hatuandikake bega, Mzee," akasema. "Tunaandikaka nyumba."

Akalichukua daftari. Siku hiyohiyo nyumba zote za mlima ziliandikwa, mia moja na nne, na ingobyi zote mbili zikawa za wote, na Mukandori akawekwa kuwa mkuu wa zote mbili. Kwenye mstari wa Karangwa alimuuliza mzee jina la mkewe linaandikwaje, akaandika: nyumba ya Mukeshimana. Sasa wanakuja wanawake kutoka Butare na Nzahaha kuniagiza mikanda, nami nawapimia na kuwafundisha wito bure, wakitaka wasitake.

Juzi Mzee Karangwa aliingia dukani kwangu. Ubatizo wa Ingabire ni Jumapili ijayo, na yeye ndiye atakayekuwa baba wa ubatizo, basi alitaka koti jipya. Nikampima. Bega la kulia limeshuka vidole viwili. Akaona ninalitazama, akaona haya, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ningeweza kumwekea sponji upande ule lisionekane.

"Hapana, Mzee," nikamwambia. "Hapa kwangu koti linafuata bega."

Alifikiri kidogo, kisha akasimama wima ili nimpime upya.